Mstari Uliolala Chini ya Wangu

Ilianza Jumanne, saa kumi na nusu jioni, katika chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Buffalo, Amerika, nilipobonyeza kitufe kinachofuta safu zilizojirudia kwenye jedwali. Nilikibonyeza kwa sababu mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na mtu akisimama nyuma yangu huwa nafanya chochote ili aondoke.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa uchumi alitaka kila mmoja atengeneze grafu ya kuonyesha mwanafunzi wa sekondari anagharimu kiasi gani kwa mwezi, nguo, viatu, vifaa vya shule, katika miji tofauti. Na isiwe grafu ya kuchapisha na kubandika ukutani. Iwe ya kuguswa: mtu akiweka kidole kwenye nukta ya mwezi fulani, kisanduku kifunguke aone mwezi ule kilinunuliwa nini. Jumatano jioni wazazi wangekuja kuzigusa.

Mimi nilikuwa na bahati ya kuwa na ndugu waliotawanyika. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, yuko Hilliard, pembeni ya Columbus, ana binti wa rika langu. Nyanya, mama yake mama, yuko Louisville na anamlea binamu yangu mwingine, naye ni wa rika langu. Wasichana watatu, miji mitatu, mistari mitatu. Sikulazimika kumwomba mgeni kitu chochote, na kwangu huo ni ushindi. Kila nyumba ilinitumia historia ya manunuzi kutoka kwenye simu, kwa sababu siku hizi duka linakumbuka kila soksi uliyowahi kununua.

Mstari wa Hilliard na ule wa Louisville ilikwenda karibu karibu, kama watu wawili wanaotembea wakipiga soga. Wetu wa Buffalo ulikuwa juu peke yake. Kila walipopanda wao kidogo, sisi tulipanda mara mbili. Septemba, shule zilipofunguliwa, yote ilipanda, lakini Novemba, mwezi wa makoti, wetu ulichomoka kama mlima. Kwa yeyote anayeijua Lower West Side, mtaa wetu, ile ilikuwa picha ya kuchekesha. Hakuna anayekuja kwetu kutafuta matajiri.

"Umeingiza data mara mbili," mwalimu alisema. Hakuwa mkali, ni mtu mpole anayenukia kahawa. "Ona. Koti la baridi, zambarau, siku ileile, saizi ileile. Na hapa viatu. Na hapa soksi. Ni kosa la kawaida. Futa zilizojirudia, mstari wako utatulia."

Nikafuta. Mstari wa Buffalo ukashuka mara moja, kama mtu aliyeambiwa kaa chini.

"Umeona?" akasema.

Nikasema ndiyo. Alipoondoka nikakaa na mikono mapajani, maana nilikuwa nimeona kitu kingine kabisa.

Nilizaliwa pacha. Sikuwa nimesahau. Ni kama chumba cha chini ya nyumba, unajua kipo, ila hushuki bila sababu. Tulizaliwa Uvira, Kongo, wawili, na mwenzangu aliondoka kabla hatujaanza kutambaa. Kwetu nyumbani hatusemi alikufa. Pacha hafi, anarudi alikotoka, na anamtazama aliyebaki aone kama anagawiwa sawa. Ndiyo maana mama akininunulia kitu ananunua viwili. Analipa mara mbili, anadai mifuko miwili, hata kama nyuma yake foleni inaguna. Cha pili hakilali ndani kwetu. Kinakwenda kwa msichana wa kimo changu, na mpaka kimpate mimi siruhusiwi kugusa changu. Zamani nyanya alikuwa anatafuta msichana huko Louisville, au mama mdogo kanisani kwake Columbus. Siku hizi mama anampa binti wa Kirundi aliyefika mwaka jana na wazazi wake, anayekaa jengo la pili kutoka letu.

Nikiwa mdogo nilidhani ni desturi ya maduka ya Amerika, ukinunua kimoja wanakuongezea cha pili. Nilimwambia hivyo mwenzangu wa darasa la nne, naye akasema ndiyo, mara nyingine wanafanya hivyo. Nikaridhika miaka mingi.

Lakini hakuna desturi ya duka inayokufanya uone koti lako likivuka barabara bila wewe. Mimi nimeliona mara nyingi. Theluji inaanguka, upepo unatoka ziwani, nimesimama dirishani, na kule ng'ambo linapita koti langu la zambarau, kofia yake imefunika kichwa, kimo ni changu, mwendo ni wangu. Najua ni yule binti wa Kirundi. Bado mkono wangu huenda wenyewe kifuani kuhakikisha kuwa nipo. Kituoni asubuhi nilikuwa nasimama mbali naye, na ndani ya basi alikuwa anakwenda kukaa nyuma, mimi mbele. Hatukuwahi kusemezana.

Kitu kimoja tu sikuwahi kuwa nacho viwili: laptopu hii. Baba anaendesha lori na hukaa nyumbani siku chache. Mwezi Septemba alipita Hilliard akaninunulia, moja. Mama alipouliza ya pili, akamwambia ameiacha kwa mama mdogo ampe msichana wa kanisani. Kisha akaniambia mimi jikoni, "Laptopu siyo soksi, mwanangu. Kaa kimya." Kukaa kimya ndicho kitu ninachokiweza kuliko vyote.

Jumanne hiyo mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamtumia mama mdogo picha ya grafu ya kwanza, ile yenye mlima, nikamwuliza afanyaje mtu mwenye data kama hii. Hakuandika. Alipiga, na uso wake ukajaa kioo.

"Ngoja. Huu mstari wa juu ni wa nani?"

"Wangu."

"Wako peke yako?"

Nikaufuata ule mlima kwa kidole, juu na chini.

"Mungu wangu, dada bado ananunua mbili-mbili." Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Ndiyo maana kila Krismasi anakuja kwangu kwa basi, gari litanunuliwa mwakani. Mwakani gani huyo asiyefika? Sikia, maman, mtoto wangu. Kesho muonyeshe hii hii. Usifute kitu. Nimeongea na yeye mpaka nikachoka, haelewi maneno. Picha ataielewa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ndiyo vizuri. Hataweza kulia."

Nilipokata simu nilijua kwamba grafu zote mbili zilikuwa mbaya. Yenye mlima ingemwaibisha mama. Iliyotulia ilikuwa imemfuta mtu. Na mama anaamini, kama anavyoamini kwamba moto unaunguza, kuwa pacha aliyenyimwa fungu lake humfuata mwenzake aliyebaki. Siyo kwa ubaya. Anakuja tu kumchukua wakagawane huko.

Nikampigia nyanya. Yeye akiwa kwenye video unaona paji la uso na feni ya darini.

"Muko wazima?" Ananisalimia hivyo siku zote, kama tumekuja wawili.

Nikamweleza: kompyuta, safu zinazofanana, kitufe. Nyanya hajui grafu, ila anasikiliza vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua.

"Ile machine inafuta gani kwa zile mbili?"

"Inaacha ya kwanza, inafuta ya pili."

Feni ilizunguka. Nikasikia binamu yangu akiuliza kwa Kiingereza nani anaongea, na nyanya akimwambia atulie.

"Na wewe ulizaliwa wa ngapi?" akaniuliza.

"Wa pili."

"Bon. Mama yenu anamununulia yeye mbele, kisha anakununulia wewe. Njo desturi, mukubwa anatangulia. Donc ile yenye ulifuta haiko yake."

Njo kwa nyanya ni ndiyo na ndiye, na donc ni kwa hiyo. Maneno niliyaelewa, maana yake bado.

"Ni yako, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba ana jani kwenye nywele. "Yeye ameachwa pale. Wewe njo haupo."

Nilifungua tena ile grafu iliyotulia. Mstari wa Buffalo, laini, mzuri, jina langu limeandikwa pembeni yake. Makoti yake, viatu vyake, daftari zake. Alikuwa amekua mwezi baada ya mwezi, miguu imeongezeka saizi, Januari alihitaji glavu mpya. Jioni ile nilipiga mswaki nimekipa kioo mgongo.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, nilirudi chumba cha kompyuta na laptopu yangu. Nilirudisha safu zote. Halafu nikazitenganisha: ya kwanza ya kila jozi nikampa yeye, ya pili nikajipa mimi. Mstari wake nikaupaka kijani, wangu zambarau. Nikabonyeza ili ichore.

Kwenye miezi ya karibuni, iliyoenea kioo, ulitokea mmoja tu, wa zambarau.

Nilifikiri nimeharibu. Nikahesabu rangi, nikaanza upya, ukatokea uleule mmoja. Mwalimu akapita na kikombe chake.

"Hapo umeandika mistari ya Buffalo ni miwili, lakini mmoja haupo."

"Upo," nikasema. Wakati uleule ndipo nilipoelewa. "Inafanana kila mahali. Mmoja umelala chini ya mwingine."

"Wa nani huo wa chini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ni neno langu la kila siku, sijui, linamaliza mazungumzo haraka. "Wa dada yangu."

"Sikujua una dada."

"Ndiyo," nikasema. Akangoja kidogo, akaona hakuna zaidi, akaenda.

Nikasogeza kipanya nyuma mpaka Septemba, na hapo nikakuta hawakulala pamoja. Laptopu haikuwa kwenye simu ya mama, kwa hiyo niliiingiza kwa mkono siku ya kwanza kabisa, maana ni kifaa cha shule na mwalimu alisema tuweke kila kitu. Haikuwa na jozi, kwa hiyo ile kazi ya kufuta haikuigusa. Sasa Septemba mstari wangu ulipanda juu peke yake, na chini yake, kwa mara ya kwanza, ukaonekana wa kijani. Ulikuwa chini kabisa. Mwezi ule hakupewa kitu.

Ningeweza kuiondoa ile safu moja. Hakuna ambaye angejua, mistari ingelala pamoja mwanzo hadi mwisho, na mama angefurahi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikuiondoa, na sitasema ni kwa sababu ya ukweli. Nilikuwa nimefuta vya kutosha wiki ile.

Mama alikuja jioni moja kwa moja kutoka ghala anakofanya kazi, na fulana ya kung'aa juu ya koti. Alisalimia kila mtu mlangoni, hata mvulana aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Alitembea taratibu mbele ya meza za wenzangu, anagusa grafu moja moja kwa ncha ya kidole, kama anajaribu maji ya kumwogesha mtoto. Alipofika kwangu akasimama wima. Skrini kubwa ya shule ilikuwa imeunganishwa na laptopu yangu.

"Hii yote ulifanya weye?"

"Ndiyo, mama."

"Hii ni ya Hilliard. Hii ya Louisville." Alisoma majina ya miji vizuri, kwa sauti, ili watu wasikie. "Na Buffalo. Njo weye huyu?"

"Gusa."

Akagusa Novemba. Kisanduku kikafunguka, kikaonyesha orodha mbili, moja kando ya nyingine. Koti la baridi, zambarau. Koti la baridi, zambarau. Akagusa Desemba, ikafunguka: viatu, viatu. Akagusa Januari. Glavu, glavu. Sasa alikuwa anagusa haraka, na tabasamu lilikuwa linamjia kidogo kidogo, tabasamu ambalo huwa naliona akiimba.

"Muko pamoja," akasema. "Uliwaweka pamoja. Mimi nilifikiri unaona haya."

Nilitaka kumwambia naona haya sana, naona haya ya kila kitu. Lakini kidole chake kilikuwa kimeanza kurudi nyuma, Oktoba, halafu Septemba, na pale kikasimama.

"Hapa kulikuwa nini?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama ninavyofanya nikiogopa.

"Ongea na mimi," akasema.

"Laptopu."

"Baba yenu alisema ile ingine iliachwa Hilliard."

"Haikuachwa."

"Haikuachwa, ao haikununuliwa?"

"Haikununuliwa, mama."

Kisanduku hakifungi mpaka uondoe kidole. Mama hakuondoa. Upande wangu pameandikwa laptopu, upande wa pili ni peupe tu. Nyuma yetu familia nyingine ilikuwa inangoja zamu, mtoto wao anauliza kuna mchezo gani hapa. Mama aliutazama ule weupe mpaka mwalimu akaja kumwambia kuwa binti yake amefanya kazi nzuri, na yeye akamshukuru kwa Kiingereza chake cha kazini, bila kugeuka.

"Toka Septemba," akaniambia mimi. "Toka Septemba uko unatembea mbele yake, na mimi nalala usingizi."

Mama mdogo alikosea. Mama angeweza kulia mbele ya watu kama angetaka. Hakutaka.

Tulirudi kwa miguu. Njia ilikuwa na barafu, na kwa kawaida tukitembea juu ya barafu mama hunishika kiwiko. Siku ile alitembea kushoto kwangu, mbali kidogo. Aliacha nafasi kati yetu, ya kumtosha mtu, na kila nilipojaribu kumsogelea naye alisogea, nafasi ikabaki palepale. Taa za barabarani zilitupa vivuli mbele yetu. Sikuvitazama. Niliogopa kuvihesabu.

Mlangoni alitafuta ufunguo muda mrefu.

"Haina makuta, haina pesa ya kununua ingine," alisema. "Mwezi huu haina, na mwezi ule mwingine haina. Baba yako nitamungoja, tutaongea. Lakini ile machine isilale hapa siku mbili tena. Unanisikia, maman? Kesho itoke. Ipate mwenyewe."

"Na shule yangu?"

"Na uzima yako?"

Alisema hivyo bila hasira, na hicho ndicho kilichonitisha. Nilikuwa nimezoea kuwaza mambo haya ni ya mama na ya nyanya, mambo ya Uvira, na kwamba mimi ni msichana wa Buffalo anayesoma uchumi. Usiku huo nililivuta blanketi upande mmoja, na upande wa pili nikauacha wazi, bila kujiuliza kwa nini.

Kesho yake asubuhi nilivaa koti langu, nikaweka laptopu kwenye mkoba, nikatoka kabla mama hajamaliza kuomba. Binti wa Kirundi alikuwa tayari kituoni, kofia yake imefunika kichwa, mgongo wake umenielekea. Kutoka nyuma ni mimi mtupu. Nilitembea mpaka nikasimama mahali ambapo sijawahi kusimama, kando yake.

"Hujambo," nikasema.

Akageuka. Ana uso mwembamba, na mwanya. Hatufanani hata kidogo.

"Sijambo. Kumbe unaongea." Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. "Mimi nilimwambia mama yangu yule jirani labda ni bubu."

"Koti bado linakutosha?"

Akanyoosha mkono, mkono wa koti ukaishia juu ya kifundo. "Limeanza kuwa fupi."

Nikanyoosha wangu. Uliishia palepale.

Akacheka, na basi likaja. Alikwenda kukaa nyuma kama kawaida, na mimi nikamfuata, nikakaa karibu naye mpaka makoti yakagusana. Nikatoa laptopu. Nilikuwa nimepanga kumpa, kumwambia tu chukua, ni yako, halafu nishuke kituo kinachofuata kabla hajaniuliza chochote. Mikono haikukubali.

"Ni ya nani?" akauliza.

Nilimwambia mama yangu anasema siwezi kukaa nayo peke yangu. Nilimwambia asubuhi tuitumie kwenye basi, jioni ilale kwao siku moja na kwetu siku moja, kama mama yake atakubali. Sikumwambia habari za mwenzangu. Sikujua kama mpango huu ungemtosha mama, wala kama ungemtosha yule mwingine.

"Na mimi nina kazi ya hesabu hapa," akasema, akasogeza mkoba wake sakafuni kupata nafasi.

Nikaifungua, nikaiweka katikati, nusu juu ya goti langu na nusu juu ya goti lake, na basi lilipokata kona ya kwanza tukaishika wote wawili isianguke.